Tairi la Mbele

Zahanati ya Mlimani,
kupitia Posta ya Wundanyi, Taita.
9 Agosti 1965

Kwa Fundi Jamaldin,
Duka la Baisikeli, Ndia Kuu, Mombasa.

Mzee wangu, shikamoo.

Mimi hunijui, lakini baba yangu wamjua. Ni Charo Thoya, aliyekuwa akipeleka mikate kwa baisikeli kutoka Makupa mpaka Mji wa Kale, na kila ilipoharibika aliileta kwako. Sasa yuko nyumbani Kaloleni, miguu imemchoka, na mpaka leo husema wewe uliijua baisikeli yake kuliko alivyoijua yeye. Ndiyo maana nakuomba ushauri wewe kabla sijamwomba mwingine.

Mimi ni mkunga. Tangu mwezi wa tatu nimepelekwa kwenye zahanati hii ya juu milimani. Nina vijiji sita vya kuzungukia, na baina yake hakuna barabara ya gari, ni njia za miguu tu za kupanda na kushuka. Nilipewa baisikeli ya kike ya kufanyia kazi nikaishukuru sana, kwa sababu kijiji cha mwisho ni saa nne kwa miguu, na kwa baisikeli ni saa moja na nusu.

Tatizo ni mawe. Usidhani ni kokoto. Ni miamba mizima, mipana kama ua wa nyumba, imelala mshazari katikati ya njia. Miezi hii ukungu hushuka kila asubuhi na mwamba hutoa maji kama mtu atokaye jasho. Tairi likifika hapo halishiki kitu. Nimeanguka mara nne. Mara ya nne ilikuwa mbele ya kanisa, watu wakitoka ibadani.

Mkubwa wangu wa kazi ameniambia kuwa mwisho wa mwaka ataichukua baisikeli ampe karani wa huko chini kwenye tambarare, kwa sababu, kwa maneno yake, mwanamke na baisikeli na mlima ni vitu vitatu visivyokaa pamoja. Nilimwambia, "Bwana, tatizo ni tairi." Akacheka.

Nataka kumwonyesha kuwa ni tairi. Nifunge lipi, mzee wangu?

Ni mimi, binti ya Charo,
Loise Thoya

*

Duka la Baisikeli la Jamaldin,
Ndia Kuu, Mombasa.
17 Agosti 1965

Kwa Bi Loise Thoya.

Baada ya salamu nyingi, barua yako imefika na imesomwa mara mbili. Mzee Charo akumbukwa vizuri hapa dukani. Baisikeli yake ilikuwa na kikapu kikubwa mbele na kengele iliyolia kama kuku atagaye. Tafadhali mpe salamu.

Kabla ya kukuchagulia tairi, duka lataka kujua mambo ambayo yangeonekana kwa macho lau baisikeli ingekuwa hapa. Ubavuni mwa tairi lako pana namba. Ziandike zote kama zilivyo. Kisha pitisha kidole baina ya tairi na uma unaolishika gurudumu, na baina ya tairi na madigadi, yale mabati ya kukinga matope, useme ni kidole kipi kinachopita, maana tairi nene lisilopata nafasi litasugua mpaka likusimamishe. Wabeba nini, na mzigo waufunga wapi?

Na hili ndilo kubwa: ukianguka, ni gurudumu lipi linalotangulia kuteleza? La nyuma likiteleza mtu hupata nafasi ya kuteremsha mguu. La mbele halitoi nafasi.

Utaje pia wajaza upepo kiasi gani. Watu wengi hujaza mpaka tairi likawa gumu kama jiwe, wakidhani huko ndiko kulitunza. Jiwe juu ya jiwe lenye maji, mtu hana budi kuanguka.

Wasalaam,
Duka la Jamaldin

*

Zahanati ya Mlimani,
Taita.
28 Agosti 1965

Mzee wangu, shikamoo.

Namba ni 26 × 1⅜. Baina ya tairi na uma kidole cha shahada kinapita kwa taabu. Baina ya tairi na madigadi hakipiti hata kile cha mwisho. Mkoba wa uzazi naufunga nyuma kwa ukanda wa tyubu kuukuu. Upepo najaza mpaka pampu ikatae.

Gurudumu linalotangulia ni la mbele, mara zote nne. Mpaka uliponiuliza sikuwa nimelifikiria. Nilidhani nimeanguka tu, mimi na baisikeli yote kwa pamoja.

Nikwambie na sababu ya haraka yangu. Yuko mama mmoja hapa, jina lake Wakesho, ana mimba ya tano. Nyumba yake iko chini ya mwamba mbaya kuliko yote. Uzazi wake wa mara mbili zilizopita alitokwa na damu nyingi, na safari hii anatarajia kujifungua mwezi wa kumi, mvua zikiwa zimeanza. Nimemwomba aje akae karibu na zahanati, asema nani atawapikia wanawe wanne. Kila nikipanda baisikeli ni yeye ninayemfikiria.

Wako,
Loise Thoya

*

Duka la Baisikeli la Jamaldin,
Ndia Kuu, Mombasa.
11 Septemba 1965

Kwa Bi Loise Thoya.

Baada ya salamu, matairi mawili yaliondoka jana kwa gari la moshi. Yatateremshwa Voi, na kutoka hapo yatapandishwa basi.

Ni matairi ya meno, mapana kuliko yako kidogo. Toa madigadi zote mbili. Utarukiwa na matope mgongoni, lakini tairi litapata nafasi na udongo utapata pa kutokea. Upepo uupime kwa kidole gumba ukiwa umeshaufunga mkoba: la mbele libonyee, la nyuma libonyee kwa shida, kwa kuwa ndilo lenye mzigo.

Wauza maziwa wa Kisauni huyafunga haya masika yote, kwenye matope yanayofika katikati ya gurudumu, na hakuna aliyerudi kulalamika. Duka lina hakika nayo.

Mungu akujaalie ufike kwa Bi Wakesho kwa wakati.

Wasalaam,
Duka la Jamaldin

*

Zahanati ya Mlimani,
Taita.
30 Oktoba 1965

Kwa Fundi Jamaldin.

Jumanne alfajiri mume wa Wakesho alikuja mbio. Mvua ilikuwa ya siku ya tatu. Nikafunga mkoba nikaondoka, na kwenye matope matairi yako yalikwenda vizuri, sitasema uongo. Nilianza hata kufurahi.

Kisha nikafika mwambani. Yale meno yalisimama juu ya ncha zake, kama mtu aliyevaa viatu vya njumu kwenye sakafu iliyomwagwa maji. Gurudumu la mbele likaondoka. Nilisikia kifundo cha mkono wangu wa kushoto kikilia kabla sijasikia maumivu. Dawa ya kuzuia damu ilikuwa kwenye vichupa sita, na vitano vilivunjika.

Nilikwenda kwa miguu safari iliyobaki. Nilikuta mtoto ameshapokewa na bibi yake na Wakesho amelala kwenye damu, mdomo mweupe. Nilimdunga sindano ya kichupa kile kimoja kilichobaki, kwa mkono mmoja, mumewe akinishikia mkono wa mgonjwa usitikisike. Nikamwambia, "Baba, usiniangalie mimi, mwangalie yeye, sema naye." Akawa anamwita jina lake, anamwita, mpaka damu ikapungua. Wanaume wanane walimbeba juu ya kitanda hadi barabarani. Sasa yuko hospitalini. Yu hai. Mtoto ni wa kike naye ni mzima.

Uliandika kuwa duka lina hakika. Nataka kujua, mzee wangu, hakika hiyo uliitoa wapi? Umepata kuuona mwamba wenye maji?

Loise Thoya

*

Ndia Kuu, Mombasa.
6 Novemba 1965

Dada Loise,

Jina langu ni Mahfudha. Fundi Jamaldin alikuwa mume wangu. Alifariki mwaka jana, mwezi wa Shaabani, kwa homa ya siku nne. Barua zile nimeziandika mimi, na matairi nimeyachagua mimi. Ukizitazama utaona sikuiitikia shikamoo yako hata mara moja. Haikuwa yangu.

Sikukudanganya kuhusu kazi. Miaka kumi na mitatu nimekaa chumba cha nyuma, yeye akizungumza na wateja mbele, mimi nikiziba tyubu, nikinyoosha rimu na kufunga spoki. Baisikeli ikimshinda huja nyuma ya pazia akanong'ona, "Mahfudha, hii yalia wapi?" Nami huisikiliza nikamwambia. Baba yako alikuwa sahihi kuwa dukani petu pana aliyeijua baisikeli yake. Hakujua tu ni nani.

Alipofariki, shemeji yangu Badawi, mwenye duka la kanga pale barabara ya Biashara, aliniambia kuwa mteja akijua hakuna fundi mwanamume hataingia, na afadhali chumba cha duka kiwe ghala lake la kanga. Hakusema kwa ubaya, alidhani anipunguzia mzigo. Nikamwomba mwaka mmoja. Tangu hapo kila baisikeli iingiayo, wateja huambiwa na mama mkwe wangu kuwa fundi yuko nyuma, na ni kweli yuko. Barua yako ilikuwa ya kwanza kutoka mbali. Nilifurahi nikajiona fundi mkubwa.

Swali lako nalijibu. Sijapata kuuona mwamba wako. Sijavuka Mazeras, hapo tu nje ya mji, maishani mwangu. Hakika niliyokuandikia niliitoa kwenye matope ya Kisauni nikaitia kwenye mawe ya Taita. Juzi, baada ya kuisoma barua yako, nililimwagia maji jiwe la kisimani uani kwetu, nikalisukuma tairi la meno juu yake kwa mkono. Likateleza kama sabuni. Ingenichukua muda wa kuchemsha chai kulijua hilo kabla sijakutumia. Sikulifanya, kwa kuwa nilitaka kuonekana najua.

Mkono wako na damu ya Wakesho ni juu yangu. Ukitaka kumwandikia Badawi umweleze, ni haki yako. Barua ikiandikwa jina lake na Biashara, itamfika.

Namshukuru Mungu kwa uhai wa mama na mtoto. Nakuomba radhi.

Mahfudha

*

Zahanati ya Mlimani,
Taita.
22 Novemba 1965

Dada Mahfudha,

Pole kwa msiba. Ningelianza na hilo hata kama nisingekuwa na la pili.

La pili ni hili. Uliniandikia tairi la mbele libonyee. Nilifuata wiki mbili. Kisha yule karani anayeingoja baisikeli yangu alinikuta njiani mbele za watu akasema, "Sista, kwani serikali haikukupa pampu?" Wakacheka wote. Jioni ile niliyajaza yote mawili mpaka pampu ikakataa, na hivyo ndivyo yalivyokuwa Jumanne ile mwambani. Nilipokuandikia kwa hasira nililijua hilo. Niliandika mistari miwili nikaeleza, nikaichana karatasi, nikaanza upya bila mistari hiyo.

Barua yako imenikalia siku kumi na mbili. Wewe uliandika kosa lako lote na ukanipa na anwani ya mtu wa kumshitakia. Mimi langu nililifunika. Kwa hivyo hatudaiani radhi, au kama twadaiana basi tumeshalipana.

Sikumwandikia shemeji yako. Nakuandikia wewe. Wakesho amerudi nyumbani, amekonda lakini anapika. Mkono wangu utafunguliwa plasta wiki ijayo. Mkubwa wangu anakuja tarehe thelathini Desemba kuitazama kazi, na najua anakuja na jibu lake mfukoni. Sijui kama tairi la kufaa lipo duniani. Lakini sitaki kulitafuta kwa barua tena. Gari la moshi laja mpaka Voi, na basi la kupanda huku lipo kila siku ila Jumapili. Nina kitanda cha ziada na sufuria mpya ambayo haijapikiwa nguruwe wala chochote.

Njoo uuone mwamba.

Loise

*

Ndia Kuu, Mombasa.
13 Desemba 1965

Dada yangu Loise,

Tulifika nyumbani salama kutoka kwenu. Mama mkwe wangu amekwisha kusimulia Ndia Kuu nzima jinsi mkaza mwanawe alivyolala kifudifudi juu ya mwamba, kwenye mvua, akiupapasa kama mtu aliyepoteza sindano. Wewe ulimwona Bi Mwanaesha alivyokuwa akiguna safari nzima. Hapa asema ni yeye aliyeniambia nende. Na lile jiwe ulilonikatia nije nalo, alilibeba mwenyewe kutoka kituoni mpaka mlangoni, akinilaumu kila hatua, akikataa kunipa.

Nilikuja kwenu nikidhani mwamba wenu ni laini kama kigae. Si laini. Ukiupapasa una chembechembe, kama ngozi ya papa, na maji hukaa juu ya chembe zile. Tairi gumu laelea juu ya ncha za chembe. Lenye meno marefu lagusa mahali pachache tu, na meno yenyewe hulala upande. Latakiwa tairi la mpira laini, lizame baina ya chembe zile lizikumbatie. Nisingelijua hili nikiwa nyuma ya pazia hata kwa miaka mingine kumi na mitatu.

Nimepitia matairi yote ya dukani kwa ukucha. Mengi ukucha hauingii. Nilipata moja, chini kabisa ya rundo, lililoagizwa zamani kwa baisikeli za kupelekea maziwa likakataliwa kwa kuwa laisha upesi. Nimelilowanisha nikalisukuma juu ya jiwe lako, kisha nikamwita Bi Mwanaesha akalisukuma, kisha jirani. Halikuondoka. Nikaliinamisha jiwe zaidi na zaidi mpaka jiwe lenyewe likaanguka kabla ya tairi kuteleza.

Nakuletea hilo, la mbele. Si zuri kulitazama: halina meno, lina mistari myembamba iliyosongamana. La nyuma bakisha lile la meno, kwa kupandia matope. Upepo wa mbele upunguze mpaka kidole gumba kizame nusu ya ukucha, lakini usipunguze zaidi ya hapo, rimu itagonga mawe na kuuma tyubu. Mpira laini huliwa na mawe, kwa hivyo baada ya miezi minne au mitano utataka jingine. Nakwambia mapema. Na sisemi nina hakika. Nasema nimelijaribu mara ishirini na saba.

Akikuuliza mtu kama huna pampu, mwambie ndivyo alivyosema fundi wako.

Badawi alikuja jana. Nikamwambia yote: barua, kuanguka kwako, safari, na kuwa kuanzia sasa barua za duka zitatoka kwa jina langu, na mteja asiyetaka aende kwingine. Nilikuwa nimesimama mbele dukani, mikono ina grisi. Aliitazama mikono yangu. Kisha akasema, "Ukipata nafasi, nitazamie breki zangu. Zalia tangu Jamaldin afariki, na sikujua nimpelekee nani."

Ghala la kanga hakulitaja.

Ni mimi,
Mahfudha, fundi

*

Zahanati ya Mlimani,
Taita.
8 Januari 1966

Dada yangu Mahfudha,

Najua mmefunga, na barua hii itakukuta dukani na kiu. Ramadhani njema kwako na kwa Bi Mwanaesha.

Mkubwa wangu alikuja tarehe thelathini kama alivyoahidi, na mvua ikaja naye. Gari lake liliishia darajani, akapanda kwa miguu na mwavuli. Alikuwa ndiyo kwanza ameketi nimpe chai, akaingia shangazi wa Mkawasi, msichana mwenye mimba ya kwanza. Maji yamevunjika tangu asubuhi na mtoto ametanguliza mguu.

Mkubwa wangu akasema, "Ngoja mvua ipungue, tutatafuta watu wa kumbeba."

Nikamwambia, "Bwana, mguu umeshatoka."

Nilifunga mkoba, nikabonyeza tairi la mbele kwa kidole, nikapanda. Huku nyuma nilimsikia akiita jina langu, kisha nikaacha kumsikia.

Mkawasi amezaa. Ilikuwa kazi, sitaki kukutisha. Kuna wakati kichwa kilikwama nikahesabu moja mpaka tisini kwa sauti, shangazi mtu akihesabu nami bila kujua tunahesabu nini. Mtoto alitoka wa buluu na kimya. Nikamsugua, nikampulizia, nikamsugua, mpaka akakasirika akalia. Ni mwanamume, na ana hasira mpaka leo.

Niliporudi nilimkuta mkubwa wangu ameketi kando ya njia, juu ya mwamba. Alikuwa amenifuata. Mwavuli umevunjika na suruali yake ya kijivu ni nyekundu nyuma yote kwa udongo, maana mwamba ulimkalisha kwa nguvu, yeye na viatu vyake vya ngozi. Akaniuliza, "Mtoto?" Nikamwambia, "Mzima, na mama mzima." Akainuka polepole akainama kwenye gurudumu la mbele. Akalibonyeza kwa kidole, akalibonyeza tena. Akasema, "Halina upepo hili." Nikasema ndivyo alivyoagiza fundi wangu wa Mombasa. Akauliza fundi huyo ni nani. Nikamwambia aitwa Mahfudha, na akaandika kwenye kijitabu chake, M-a-h, akaniuliza tahajia.

Baisikeli yabaki. Na wako wakunga wengine wawili upande wa pili wa mlima ambao walinyang'anywa zao mwaka juzi. Atakuandikia kuhusu hao. Ukipata barua yenye mhuri wa serikali usishtuke.

Lakini sikukaa kukuandikia kwa ajili ya hayo. Nimekaa kukuandikia hili. Nilipomaliza kwa Mkawasi, nimeshanawa, nimepewa uji, shangazi akicheka na kulia kwa pamoja, aliniuliza, "Sista, mwambani umepita vipi na mvua hii?" Nikajaribu kuikumbuka njia nimweleze. Sikukumbuka. Najua niliupita kwa sababu nilikuwa upande wa pili, lakini njia nzima nilikuwa nikimfikiria Mkawasi, na ule mguu mdogo, na nitakachofanya kwanza nikifika. Tairi sikulifikiria hata mara moja.

Loise